Isabel de Clare: ardhi yake, mikono ya wengine

Mwaka 1189 binti wa miaka 17 hivi alikuwa London chini ya ulinzi wa Ranulf de Glanville, jaji mkuu wa ufalme wa Uingereza. Jina lake Isabel de Clare. Kwa upande wa wazazi wake alikuwa na haki juu ya Leinster, jimbo kubwa la kusini-mashariki mwa Ireland. Juu ya Striguil, ngome ya mpakani mwa Wales ambayo leo inaitwa Chepstow. Juu ya mashamba yaliyotawanyika Uingereza. Na juu ya Orbec huko Normandy, pamoja na madai ya nusu ya milki ya ukoo wa Giffard, yenye makao yake Longueville. Hizo ni nchi nne, zilizotengwa na bahari mbili. Pamoja na yote hayo, hakuweza kukusanya kodi ya shamba hata moja, wala kusema ataolewa na nani.

Wanaosimulia habari za wanawake wa aina hii hukimbilia upande mmoja kati ya miwili. Wako wanaomwona kuwa mali tu, iliyopitishwa kutoka mkono wa mfalme hadi mkono wa mume. Wako wanaompamba mpaka anakuwa malkia asiye na taji. Mimi naona pande zote mbili zinasahau jambo moja la msingi. Katika ukabaila wa Wanormani, haki ya ardhi, mamlaka ya kuisimamia na faida itokanayo nayo vilikuwa vitu vitatu mbalimbali, na viliweza kukaa kwa watu watatu kwa wakati mmoja. Ukishavitenganisha, maisha ya Isabel yanaanza kueleweka, hata yale yanayoonekana kupingana.

Leinster ilimfikiaje

Tuanze na babu yake mzaa mama, Diarmait Mac Murchada, mfalme wa Leinster. Mwaka 1166 mahasimu wake walimfukuza Ireland. Akavuka bahari kutafuta msaada kwa Henry wa Pili wa Uingereza, akapewa ruhusa ya kuajiri askari miongoni mwa makabaila wa Kinormani waliokaa Wales. Aliyemvutia zaidi ni Richard de Clare, ambaye historia inamjua kwa lakabu ya Strongbow: mtu wa ukoo mkubwa, lakini aliyekosa upendeleo wa mfalme. Diarmait alimwahidi mambo mawili, binti yake Aoife na urithi wa Leinster. Agosti 1170 majeshi yao yaliuteka mji wa Waterford, na ndoa ikafungwa humo humo. Mwaka uliofuata Diarmait akafariki.

Hapa sheria mbili zilikutana uso kwa uso. Kwa desturi ya Waairish, ufalme haukupitia kwa binti. Ndugu wa kiume wa ukoo ndio waliokuwa na haki ya kuchaguliwa. Kwa Wanormani, binti wa mwenye ardhi alileta ardhi kwa mumewe. Strongbow alishika Leinster kwa upanga, kisha akahalalisha ushindi wake kwa jina la mkewe. Henry wa Pili hakupenda kuona kabaila wake akijijengea ufalme ng'ambo ya bahari, akatua Ireland Oktoba 1171 na jeshi. Strongbow alikuwa mwepesi wa kusoma hali. Alimkabidhi mfalme alichokiteka, naye akarudishiwa Leinster iwe ardhi ya kupewa na mfalme, kwa sharti la kumtumikia kwa askari wa farasi 100.

Strongbow alifariki mwaka 1176 akiacha watoto wawili wadogo, Gilbert na Isabel. Wakati huo Isabel hakuwa mrithi wa chochote kikubwa. Msomaji aliyezoea mirathi ya Kiislamu, ambamo binti ana fungu lake hata akiwa na kaka, asidhani hali ilikuwa hivyo kwa Wanormani. Mtoto wa kiume wa kwanza alichukua ardhi yote. Kama hakuna wa kiume, mabinti waligawana sawa kwa sawa. Mwaka 1185 hivi Gilbert alifariki kabla ya kufikia utu uzima, na kwa kuwa hapakuwa na dada mwingine, ardhi yote ya Strongbow ilimwangukia Isabel peke yake.

Ulezi wa mfalme na bei ya ndoa

Kabaila aliyepewa ardhi na mfalme akifa na kuacha mtoto mdogo, mtoto yule aliingia katika ulezi wa mfalme. Mama alikuwa hai, naam, lakini ulezi huu haukuhusu kulea mtoto kwa chakula na mavazi. Mfalme alishika ardhi, akala mapato yake hadi mtoto akue, na kama mtoto ni wa kike, alikuwa na haki ya kuchagua mume. Sababu iliyotolewa ilikuwa ya kijeshi: atakayemwoa mrithi ndiye atakayeshika ngome na kuongoza askari, hivyo bwana mkubwa hawezi kukubali ngome zake ziende kwa adui yake. Kitabu cha sheria cha miaka ile kinachobeba jina la Glanville, yule yule aliyemshikilia Isabel, kinaeleza hoja hii bila kuficha.

Lakini palipo na haki ya kuchagua, pana biashara. Ulezi wa yatima uliuzwa, na haki ya kumwoza yatima huyo nayo iliuzwa, wakati mwingine kwa mtu mwingine kabisa. Wajane hawakusalimika. Mwaka 1185 maofisa wa Henry wa Pili walizunguka wilaya 12 wakiandika majina ya wajane na yatima waliokuwa chini ya mamlaka ya mfalme, umri wao, watoto wao na thamani ya ardhi zao. Ukisoma orodha ile unaona wazi kwamba mfalme alikuwa akihesabu rasilimali.

Mwanamke aliyetaka kuachwa alipaswa kununua uhuru wake. Mapema kabisa, katika hesabu za hazina za mwaka 1130, yumo Lucy, mjane wa eli wa Chester na mrithi wa ardhi kubwa Lincolnshire (eli ndicho kilikuwa cheo cha juu kabisa cha kabaila chini ya mfalme). Lucy alikwisha kuolewa mara tatu, na sasa aliahidi maki 500 ili asilazimishwe kuolewa tena kwa miaka mitano. Maki moja ilikuwa theluthi mbili za pauni. Kizazi cha Isabel kilishuhudia makubwa zaidi. Hawise, mrithi wa Aumale, alipomkataa mume aliyechaguliwa na Richard wa Kwanza, mali zake zilikamatwa mpaka akakubali. Alipofiwa na mume wa tatu mwaka 1212, aliahidi kumlipa Mfalme John maki 5,000 ili apewe urithi wake na asilazimishwe kuolewa tena. Ni fedha za kutisha. Mtu halipi kiasi hicho kwa jambo dogo, na kwangu mimi tarakimu hiyo ndiyo ushahidi bora kabisa wa jinsi wanawake wenyewe walivyouona mfumo huu, kwa sababu sauti zao katika maandishi ya wakati ule ni chache mno.

Isabel hakuwa na nafasi ya kununua chochote, maana hakuwa ameshika chochote. Henry wa Pili, akiwa vitani Ufaransa dhidi ya mwanawe Richard, alimwahidi William Marshal binti yule. Marshal alikuwa na miaka 40 na kitu, mtoto wa kiume wa nne wa kabaila wa daraja la kati, asiye na ardhi ya maana. Sifa yake ilitokana na mashindano ya farasi na mikuki na kwa uaminifu wake kwa aliyemtumikia. Mfalme alikwisha kumkabidhi ulezi wa mrithi mwingine, Heloise wa Kendal. Marshal angeweza kumwoa, akajizuia. Alikuwa akingojea kikubwa zaidi.

Henry akafa Julai 1189. Wiki chache kabla, Marshal alikuwa amekutana na Richard vitani karibu na Le Mans na kumuua farasi wake kwa mkuki. Sasa Richard ndiye mfalme. Walipokutana mbele ya maiti ya Henry kule Fontevraud, kila mtu alitazamia kisasi. Richard alimsamehe. Ilipotajwa zawadi ya binti wa Striguil, Richard alisema kwamba baba yake hakutoa, aliahidi tu. Yeye ndiye anayetoa sasa, bibi pamoja na ardhi yake. Marshal akaondoka mbio kuelekea London. Glanville hakuwa na haraka ya kumwachia Isabel, lakini hatimaye alimwachia. Harusi ilifanyika mwezi Agosti nyumbani kwa tajiri mmoja wa London, Richard FitzReiner, ambaye pia alimsaidia bwana harusi kwa gharama, maana bwana harusi mwenyewe hakuwa na fedha.

Kanisa la wakati ule lilifundisha kwamba ndoa ni ridhaa ya wawili, na bila ridhaa hakuna ndoa. Fundisho hilo lilikuwa la kweli katika mahakama za Kanisa. Sijui namna gani msichana aliyekulia chini ya ulinzi angelitumia mbele ya mfalme.

Nani alikuwa mwenye Leinster?

Kwa ndoa ile Marshal aligeuka kutoka askari wa kuajiriwa kuwa mmoja wa makabaila wakubwa wa Uingereza kwa siku moja. Muda si mrefu akamwahidi Richard maki 2,000 kwa ile nusu ya milki ya Giffard. Mwaka 1199, siku ya kutawazwa kwake, Mfalme John alimpa cheo cha eli wa Pembroke, cheo ambacho babu mzaa baba wa Isabel alikuwa nacho na ambacho Henry wa Pili alikataa kumtambulia Strongbow. Marshal alikaa mahakamani, aliongoza askari, aliweka muhuri. Sheria ilimpa kutawala ardhi ya mkewe muda wote wa ndoa, na kama walipata mtoto, aendelee kuishika mpaka kufa kwake hata mke akitangulia. Walipata kumi: wa kiume watano, wa kike watano.

Lakini kulikuwa na mpaka, na mpaka huo ulikuwa na uzito. Ardhi haikuwa ya kwake kuigawa atakavyo. Watakaoirithi ni watoto wa Isabel, kwa sababu ni wa Isabel. Ndiyo maana katika hati kadhaa za Marshal za kutoa ardhi iliyotoka kwa mkewe, imeandikwa kwamba ametoa kwa ushauri na ridhaa ya Isabel. Aliyepokea ardhi alitaka maneno hayo yawemo, maana bila ridhaa yake angeweza kunyang'anywa siku Marshal akifa.

Tukio linaloonyesha haya kwa karibu ni la Kilkenny. Mwanzoni mwa mwaka 1207 Marshal na Isabel walihamia Leinster. Uhusiano na Mfalme John ulikuwa umeharibika, hasa kwa sababu ya Normandy: John alipoipoteza kwa mfalme wa Ufaransa mwaka 1204, Marshal alifanya mapatano yake mwenyewe na Philip Augusto ili Longueville isipotee, na mwaka 1205 akamwapia kumtumikia kwa ardhi za upande ule. John alikwisha kumchukua mwana wa kwanza wa Marshal, William, kuwa rehani ya uaminifu. Sasa kabla ya safari ya Ireland alimtaka wa pili, Richard. Isabel na watu wao walimshauri Marshal asimtoe. Marshal akamtoa.

Katika Ireland mwakilishi wa mfalme alikuwa Meilyr fitz Henry, ambaye mwenyewe alikuwa na ardhi ndani ya Leinster chini ya Marshal. Hakumfurahia bwana wake kukaa karibu. Mwishoni mwa 1207 John aliwaita wote wawili Uingereza. Kabla ya kuondoka, Marshal aliwakusanya makabaila wa Leinster ngomeni Kilkenny, akaingia akiwa amemshika Isabel mkono. Aliwaambia kwamba huyu ni bibi yao kwa kuzaliwa, binti wa eli aliyewapa baba zao ardhi walizokaa baada ya kuiteka nchi. Kwamba anabaki kati yao akiwa mjamzito. Na kwamba yeye mwenyewe hana kitu pale isipokuwa kwa njia ya mkewe.

Hebu tulitazame vizuri jambo hilo. Huyu ni mtu aliyesifiwa kuwa askari bora wa zama zake, anasimama mbele ya watu wenye silaha na kutangaza kwamba mamlaka yake ni ya kuazima. Hakuwa akijishusha. Alijua kwamba kiapo chao kwake kingeweza kulegezwa na mfalme anayegawa zawadi, na ndivyo ilivyotokea, maana John alianza kuwarubuni watu wake mmoja mmoja. Kilichokuwa kigumu zaidi kulegeza ni deni lao kwa binti wa Strongbow.

Marshal alipoondoka, watu wa Meilyr walishambulia ardhi zake na kuchoma maghala. Isabel alizingirwa Kilkenny. Aliamuru mtu ateremshwe kutoka juu ya kuta za ngome ili amfikie John d'Erlée, mmoja wa watu waaminifu wa Marshal, na kumwomba msaada. Huku Uingereza, baridi ilikuwa imefunga njia za bahari na hapakuwa na habari. Januari 1208, wakiwa juu ya farasi karibu na Guildford, John alimwambia Marshal kwamba Kilkenny imevamiwa na rafiki zake kadhaa wamekufa. Aliyatunga tu, maana hata yeye hakuwa na habari. Bahari ilipofunguka, habari za kweli zilifika: Meilyr, aliyekuwa amerudi Ireland, ameshindwa na kukamatwa, na mwanawe yuko rehani mikononi mwa watu wa Leinster.

Yote haya tunayajua kupitia shairi refu la Kifaransa la maisha ya Marshal, lenye mistari zaidi ya 19,000, lililoagizwa na mwana wao mkubwa miaka michache baada ya mazishi. Mtunzi alilipwa kumtukuza baba. Isabel anajitokeza pale tu simulizi ya mume inapomhitaji. Naamini kwa hiyo kwamba tunachokiona ni sehemu ndogo ya alichofanya, kwa sababu mtu hapewi jimbo zima kulilinda wakati wa vita kama hajawahi kuliendesha wakati wa amani.

Miezi kumi

Juni 1215 makabaila walimlazimisha John kukubali Magna Carta, hati iliyowekea mipaka mamlaka ya mfalme. Watu wengi hukumbuka vifungu vyake kuhusu hukumu ya haki. Kifungu cha 7 kilisema mjane apewe urithi wake na fungu lake la ndoa mara tu mume anapokufa, bila kizuizi na bila kulipa. Cha 8 kilisema mjane asilazimishwe kuolewa maadamu anapenda kuishi bila mume, ingawa akitaka kuolewa bado aombe ruhusa ya bwana wake. Bila shaka maki 5,000 za Hawise zilikuwa bado zinakumbukwa.

John alipofariki Oktoba 1216, Marshal, akiwa na karibu miaka 70, alichaguliwa kuwa mlinzi wa ufalme kwa niaba ya mtoto Henry wa Tatu. Hati ile ilitolewa upya mwaka huo huo chini ya mihuri miwili, wa mjumbe wa Papa na wa Marshal. Mume wa Isabel aliweka muhuri juu ya ulinzi ambao muda si mrefu mkewe angeuhitaji.

Marshal alifariki Caversham, 14 Mei 1219. Kabla ya kufa aliingia shirika la Watempla, watawa wa kijeshi waliokatazwa kugusa mwanamke, kwa hiyo alimwita Isabel wabusiane kwa mara ya mwisho kabla ya kuvikwa joho. Isabel alilia, na mabinti zake wakalia naye. Miaka 30 nyuma alikabidhiwa kwa mzee huyu bila kuulizwa. Sioni sababu ya kukanusha machozi yale kwa ajili ya mwanzo ule, wala kusahau mwanzo ule kwa ajili ya machozi.

Sasa kwa mara ya kwanza maishani Isabel alikuwa na haki, mamlaka na faida pamoja. Hakupumzika. Leinster na Striguil zilirudi mikononi mwake, na alishughulikia pia suala la Normandy na Philip Augusto, kiasi kwamba Orbec na Longueville zilibaki katika familia na kwenda kwa mwanawe wa pili, Richard. Alifariki mwaka 1220, takriban miezi kumi baada ya mumewe, akiwa na miaka kama 48. Hakuolewa tena. Alizikwa katika abasia ya Tintern, kwenye bonde la mto Wye, iliyoanzishwa mwaka 1131 na ndugu wa ukoo wa baba yake.

Ardhi ilivyosambaratika

Wanawe wote watano walishika cheo cha eli wa Pembroke, mmoja baada ya mwingine. William alikufa 1231, Richard 1234 kwa majeraha ya vita huko Kildare, Gilbert 1241 baada ya kuanguka farasi kwenye mashindano, Walter na Anselm mwishoni mwa 1245, wakipishana kwa wiki chache. Hakuna hata mmoja aliyeacha mtoto wa ndoa. Mwandishi Matthew Paris alieleza kwamba ni laana ya askofu wa Ferns, ambaye Marshal alimnyang'anya mashamba mawili. Simulizi hiyo inapendwa sana. Mimi huvutiwa zaidi na sheria iliyofuata, kwa kuwa iliwapata watu wengi kuliko laana.

Kila ndugu aliyekufa aliacha mjane, na mjane alikuwa na haki ya theluthi ya ardhi ya mumewe mpaka kufa kwake. Milki moja ikawa na wajane kadhaa kwa pamoja. Wa kwanza wao, Eleanor, dada wa Henry wa Tatu, alipangiwa pauni 400 kwa mwaka badala ya ardhi zake za Ireland na Wales, akaona amepunjwa, na manung'uniko hayo akaingia nayo katika ndoa yake ya pili na Simon de Montfort, aliyekuja kuwa adui mkubwa wa mfalme.

Kilichobaki kikagawanywa mwaka 1247 kwa mabinti watano wa Isabel au warithi wao. Leinster ilikatwa mafungu: Carlow kwa Matilda, Kilkenny kwa uzao wa Isabel mdogo, Kildare kwa uzao wa Sibyl, Dunamase kwa uzao wa Eva, Wexford kwa uzao wa Joan. Sibyl alikuwa ameacha mabinti saba, kwa hiyo fungu la Kildare likakatwa mara saba. Eva naye aliacha mabinti, na fungu lake nalo likagawanywa. Kutoka kwa Isabel mdogo alitokea baadaye Robert Bruce, mfalme wa Uskoti. Pembroke yenyewe, pamoja na Wexford, ilimwendea binti wa Joan, na mwaka huo huo wa 1247 Henry wa Tatu alimwoza msichana huyo kwa William de Valence, ndugu yake wa mama mmoja, aliyekuwa amefika kutoka Ufaransa akitafuta ardhi.